Kufunga na Kuendesha Risiva ya Sauti ya Chaneli 5.1 Katika Sebule ya Dodoma

Lalamiko linalosikika zaidi kwa watu waliokwisha kununua risiva ya sauti ni kwamba milio ya magari na mabomu hutikisa madirisha, ilhali maneno ya waigizaji hayasikiki vizuri. Mara nyingi chanzo si ubovu wa kifaa wala uchache wa wati. Chanzo ni spika zilizowekwa pasipofaa, vipimo vilivyoachwa kama vilivyotoka kiwandani, na sebule yenyewe, ambayo kwa nyumba nyingi za Ilazo, Nkuhungu, Kisasa au Nzuguni ina kuta za tofali za saruji na sakafu ya marumaru, vitu ambavyo hurudisha sauti badala ya kuimeza. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata lengo moja, nalo ni maneno yaeleweke kwanza. Besi na vishindo vitapata nafasi yake baada ya hapo.

Risiva ninayoizungumzia hapa ni ile inayounganisha televisheni na spika, si king'amuzi cha matangazo. Kazi yake ni kupokea picha na sauti kutoka kwenye king'amuzi, kicheza diski au kompyuta, kuifumbua sauti iliyofungwa kwa mifumo kama Dolby Digital au DTS, kisha kuikuza na kuipeleka kila chaneli kwenye spika yake. Tarakimu 5.1 inamaanisha spika tano za kawaida, yaani mbili za mbele, moja ya kati na mbili za pembeni, pamoja na sabufa moja inayobeba besi. Zipo risiva za 7.1 na zaidi, lakini kwa sebule ya mita 4 kwa 5 ningemshauri mtu anunue tano nzuri kuliko saba dhaifu, kwa sababu chumba cha ukubwa huo hakina nafasi ya kutosha nyuma ya makochi.

Umeme kabla ya sauti

Umeme wa TANESCO unaofika kwenye soketi za nyumbani ni wa volti 230 na hezi 50. Risiva zilizotumika zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ni za volti 100, na za soko la Marekani ni za volti 120, hivyo ukiichomeka mojawapo moja kwa moja ukutani utaiunguza kabla hujasikia sauti yoyote. Geuza kifaa dukani, usome kibandiko kilichoko nyuma karibu na waya wa umeme, na usikubali kulipa kabla ya kuiona namba hiyo kwa macho yako. Kama ni ya volti 100, itahitaji transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti 100 hasa, maana ya volti 110 huzidi kwa sehemu moja ya kumi, na uwezo wa transfoma hiyo uzidi kwa mbali wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Tena redio ya FM ya risiva ya Japani huanzia masafa ya 76 MHz na kuishia kabla ya 100 MHz, wakati vituo vyetu vimepangwa kati ya 88 na 108, kwa hiyo baadhi ya vituo hutavipata kabisa. Kwa hesabu hiyo, aliye na uwezo wa kuongeza fedha kidogo akanunua ya volti 220 hadi 240 atakuwa amejiondolea usumbufu mwingi.

Msimu wa mvua za Dodoma, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, huja na radi, nayo radi haipiti kwenye nyaya za umeme peke yake, bali hata kwenye waya wa dishi unaoingia kwenye king'amuzi na kutoka humo kwa HDMI, waya unaobeba picha na sauti pamoja, hadi kwenye risiva. Wingu likitanda, chomoa plagi ya umeme na uufungue waya wa dishi pia. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa sababu kifaa hubaki kimeunganishwa na njia zote mbili. Jambo la pili ni ethi, yaani waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Udongo wa huku hukaa mkavu kwa miezi mingi, na udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo ethi iliyopimwa wakati wa masika inaweza kuonekana nzuri kuliko ilivyo mwezi wa Septemba. Mwombe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aipime wakati wa kiangazi.

Mahali pa kila spika

Tuchukue sebule yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, televisheni ikiwa katikati ya ukuta mfupi. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa sauti ni kwamba spika mbili za mbele na kichwa cha msikilizaji viunde pembetatu yenye pande sawa, ili kila spika iwe nyuzi 30 kutoka mstari wa katikati. Ukizitenganisha spika hizo kwa mita 3, kila moja itabaki na nusu mita hadi ukuta wa ubavuni, na kochi litakaa kama mita 2.6 kutoka kwenye mstari wa spika. Ukiziacha spika mbele ya ukuta kwa sentimita 40, kichwa cha aliyeketi kitakuwa mita 3 kutoka ukuta wa mbele, jambo ambalo ni jema, kwa sababu katikati kabisa ya chumba, yaani kwenye mita 2.5, besi fulani hupotea, kama nitakavyoeleza mbele.

Spika ya kati ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maneno katika filamu, na ndiyo inayoteswa zaidi majumbani. Utaikuta imesukumwa ndani ya kabati la televisheni, imezungukwa na mbao pande zote, au imelazwa chini huku ikielekea magotini mwa watu. Iweke juu au chini ya televisheni, uso wake ukiwa sambamba na ukingo wa kabati au ukijitokeza mbele kidogo, kisha uiinamishe kwa kipande cha mpira au ubao ili ielekee masikioni mwa aliyeketi. Mabadiliko hayo hayagharimu shilingi, na kwa watu wengi hutatua nusu ya tatizo la maneno yasiyosikika.

Spika za pembeni hazikai mbele wala nyuma kabisa. Zinatakiwa ziwe nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele, maana yake ziwe ubavuni na kurudi nyuma kidogo ya msikilizaji. Katika sebule yetu ya mfano, zitundike kwenye kuta za ubavuni, kama sentimita 70 nyuma ya mstari wa kichwa, kwa kimo cha mita 1.5 hivi kutoka sakafuni, ili mgongo wa kochi na mabega ya mtu wa pembeni visiizibe sauti. Ukuta wa tofali la saruji unahitaji drili, plagi za plastiki na skrubu. Msumari wa kupigilia hulegea kwa mtetemo.

Nyaya

Hapa ndipo risiva nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Nunua waya wa shaba wenye nyuzi nyingi laini, wa milimita za mraba 2.5 kwa spika zilizo mbali na 1.5 kwa zile za karibu. Ukikata ncha, hakiki kwamba ndani ni shaba tupu, si alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Ikwangue kidogo kwa wembe, na weupe ukitokeza chini ya wekundu, warudishie waya wao.

Chuna ganda la waya kwa urefu wa sentimita moja tu. Zisokote nyuzi kwa vidole viwili kuelekea upande mmoja mpaka ziwe ncha moja ngumu, ziingize kwenye tundu la kiunganishi cha nyuma ya risiva, kaza, kisha inama utazame kwa tochi ya simu kama kuna unywele mmoja wa shaba uliobaki nje. Unywele huo ukigusa kiunganishi cha jirani ni shoti, na risiva itajizima au itaungua. Fanya kazi hii yote plagi ikiwa nje ya soketi.

Chanya iende kwenye chanya, hasi kwenye hasi, kwa kila spika bila kubahatisha. Spika moja ikigeuzwa, koni yake hurudi nyuma wakati nyingine zinakwenda mbele, besi hukauka na sauti ya mtu hukosa mahali inapotokea. Ikiwa rangi za viunganishi vya spika zimefutika, itoe spika kwenye risiva, chukua betri ndogo ya volti 1.5 na uguse nyaya zake mbili kwa kitambo kifupi. Koni ikiruka mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Angalia pia namba ya ohm, kipimo cha jinsi spika inavyozuia mkondo wa umeme. Risiva nyingi zimeundwa kuendesha spika za ohm 6 hadi 8. Spika za gari, ambazo mafundi wetu hupenda kuzifunga kwenye maboksi ya mbao, kwa kawaida ni za ohm 4, na mtu akiunganisha spika mbili za ohm 8 sambamba kwenye tundu moja, risiva huziona kama ohm 4. Katika hali zote mbili amplifaya hulazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa, hupata moto na kujizima katikati ya filamu. Kuhusu wati, usibabaishwe na maelfu yaliyochapwa kwenye boksi. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli (dB) 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuistaajabia.

Televisheni, king'amuzi na HDMI

Njia iliyo safi ni kuingiza kila chombo kwenye risiva kwa HDMI, kisha waya mmoja wa HDMI utoke kwenye risiva kwenda kwenye televisheni, kwenye tundu lililoandikwa ARC au eARC. ARC ilikuja na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, na kazi yake ni kuirudisha sauti ya televisheni kwenye risiva kupitia waya uleule, ili ukifungua filamu kutoka kwenye flashi au intaneti ya televisheni usihitaji waya mwingine. Inabidi uiwashe katika menyu ya vifaa vyote viwili, pamoja na mfumo wa HDMI unaoviwezesha vifaa kuwasiliana, ambao Samsung huuita Anynet+, LG huuita Simplink na Sony huuita Bravia Sync. Televisheni isiyo na ARC itatumia waya wa mwanga (Optical), ambao hubeba Dolby Digital na DTS za 5.1 bila shida ila hauna nafasi ya mifumo mikubwa zaidi. Nyaya za HDMI ziwe fupi. Kwa picha za 4K, waya wa kawaida unaozidi mita 5 huanza kukatisha picha.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya king'amuzi na ya televisheni. Vingi huletwa vikiwa vimewekwa kutoa stereo, na mtu anaweza kukaa mwaka mzima na spika tano huku risiva ikipokea chaneli mbili tu. Chagua Dolby Digital kwenye king'amuzi, na kwenye televisheni chagua Bitstream au Auto. Kioo cha mbele cha risiva kitakuonyesha kinachoingia. Kisome hicho, wala usitegemee masikio katika hatua hii. Baadhi ya televisheni haziitambui DTS, kwa hiyo filamu ya flashi inaweza kuonyesha picha bila sauti. Hapo tumia kicheza media kilichounganishwa moja kwa moja na risiva.

Kupima

Risiva nyingi huja na maikrofoni ndogo ya kupimia. Denon na Marantz hutumia mfumo uitwao Audyssey, Yamaha hutumia YPAO, Pioneer MCACC na Onkyo AccuEQ, lakini utaratibu ni mmoja. Weka maikrofoni kwenye stendi ya kamera mahali pa kichwa cha msikilizaji, kwa kimo cha masikio, isishikwe mkononi wala isilazwe juu ya mto. Zima pangaboi na friji kama iko karibu, funga madirisha, waombe walio nyumbani watulie. Saa za usiku hufaa zaidi, kwa kuwa upepo wa mchana wa Dodoma hupuliza madirisha na mabati kwa sauti ambayo maikrofoni huihesabu. Risiva itapiga mlio katika kila spika na kujipatia umbali na nguvu ya kila moja.

Umbali una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20, yaani kila mita moja huchukua karibu milisekunde 3. Katika sebule yetu spika za pembeni ziko mita 2 kutoka kichwani na za mbele ziko mita 3, hivyo zisipocheleweshwa, sauti za ubavuni zitawahi kufika na kuvuta usikivu mbali na picha.

Baada ya kipimo, usiamini kila kitu. Fungua orodha ya matokeo na uangalie mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa spika: risiva mara nyingi huandika Large kwa spika ambazo haziwezi kubeba besi nzito. Badilisha zote ziwe Small, kisha kwenye kipengele cha Crossover weka 80 Hz, ili kila kilicho chini ya hapo kiende kwenye sabufa na spika ndogo zibaki na kazi ya sauti za watu na ala. Spika ndogo sana ziwekee 100 au 120. Sabufa yenyewe kama ina kirungu chake cha mpaka wa besi, kizungushe hadi mwisho wa juu, ili mpaka usiwekwe mara mbili. La pili ni umbali wa spika. Ukiona imeandikwa mita 6 kwa spika iliyo mita 3, shuku waya au rudia kipimo, isipokuwa kwa sabufa, ambayo mara nyingi huandikiwa umbali mkubwa kwa sababu saketi zake za ndani huchelewesha sauti.

Besi na chumba

Ukuta wa saruji hauachii besi itoke. Mawimbi hugonga ukuta, yakarudi, yakakutana na yanayokuja, na mahali pengine hujumlishana wakati mahali pengine hufutana. Chumba cha mita 5 hufanya hivyo karibu na 34 Hz, na upana wa mita 4 karibu na 43 Hz, ndiyo maana aliyeketi katikati ya sebule huiona besi imekufa wakati aliyeegemea ukuta anaumwa kichwa. Dawa si kuongeza sabufa. Ihamishie sabufa kwenye kochi lako kwa muda, piga wimbo wenye besi inayotembea, kisha utambae ukutani ukisikiliza kila kona na kila nusu mita. Pale besi inaposikika sawasawa, kila noti ikiwa na uzito wake, ndipo sabufa itakapokaa siku zote.

Kwa sauti za juu, piga kofi moja katikati ya sebule tupu. Ukisikia mtetemeko mkali unaofuata, huo ndio unaokula maneno ya waigizaji. Zulia nene kati ya kochi na televisheni, mapazia mazito dirishani na kabati la vitabu lililojaa kwenye ukuta wa nyuma hupunguza hali hiyo kwa kiwango kikubwa. Kama una fedha ya kuongeza spika au kununua zulia, nunua zulia kwanza.

Matumizi ya kila siku

Risiva nyingi huonyesha sauti kwa namba hasi, na 0 ni kiwango cha ukumbi wa sinema, ambacho ni kikubwa mno kwa nyumba iliyobanana na ya jirani. Kati ya −35 na −25 hutosha watu wengi. Maneno yakiwa bado hafifu, ingia kwenye viwango vya spika uipandishe ya kati peke yake kwa dB 1 hadi 3, badala ya kupandisha sauti yote. Usiku tumia mpangilio wa usiku, ambao hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko, ili watoto waliolala wasishtuke na wewe usikae na rimoti mkononi.

Kwa filamu yenye 5.1 halisi iache risiva ifumbue yenyewe. Taarifa ya habari, mpira na muziki kwa kawaida huja katika chaneli mbili, vivyo hivyo filamu nyingi zenye sauti ya msimulizi wa Kiswahili zinazouzwa mitaani. Kwa hizo Dolby Surround, mpangilio wa risiva unaosambaza chaneli mbili kwenye spika zote, inafaa, kwa kuwa sauti iliyo sawa katika chaneli zote mbili, ambayo mara nyingi ni ya mtangazaji au msimulizi, hupelekwa kwenye spika ya kati. Muziki ninapendelea uachwe katika stereo, na mipangilio iliyopewa majina ya kumbi na viwanja haina faida katika sebule ambayo tayari ina mwangwi wake. Midomo isipokwenda pamoja na maneno, tafuta kipengele cha kuchelewesha sauti na uongeze milisekunde 20 kwa kila hatua mpaka vilingane.

Acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu ya risiva, wala usiweke king'amuzi juu yake. Vumbi la kiangazi huziba matundu ya hewa upesi, kwa hiyo lifute kwa brashi laini kila mwezi, kifaa kikiwa kimechomolewa. Ukisikia mvumo wa chini usiokoma, fungua waya wa dishi kwa muda. Mvumo ukinyamaza, tatizo ni ethi ya dishi na ya nyumba kutolingana, na hilo hushughulikiwa na fundi umeme. Usikate waya wa ethi wa kifaa chochote kwa ajili ya kuondoa mvumo.

Risiva ikijizima yenyewe, ichomoe umeme, ondoa nyaya zote za spika na uiwashe ikiwa tupu. Ikibaki imewaka, unganisha spika moja baada ya nyingine mpaka umpate mkosaji, ambaye mara nyingi ni ule unywele wa shaba au spika iliyoungua ndani. Ikijizima hata bila spika, hitilafu iko ndani ya kifaa, na kapasita zake huweza kuhifadhi umeme wa hatari hata baada ya plagi kutolewa, kwa hiyo usikifungue. Mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki ukiwa na kibandiko cha modeli na maelezo ya wakati inapojizima.